Tarakimu ya Mwisho

Karibuni nyote: mlio jikoni mkingoja githeri iive, mlio garini kati ya Embu na Meru, nanyi walinzi ambao zamu yenu ndiyo kwanza imeanza. Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya sadfa. Wanafunzi wa fasihi wanaijua kama mbinu ya mwandishi, pale wahusika wawili wanapokutana bila kupanga na hadithi ikageuka. Sisi wengine tunaijua kwa kuishi nayo. Unamtaja mtu, mara anabisha hodi, nawe unamwambia, "Utaishi miaka mingi, sasa hivi tulikuwa tukikutaja."

Nianze na kisa changu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Meru mjini, na nilikuwa na deni la shilingi 3,500. Fundi mmoja wa Runyenjes alikuwa amenitengenezea milango miwili, na nilitaka kummalizia malipo yake kwa M-Pesa. Nikaandika namba kutoka kwenye kikaratasi, nikatia namba ya siri, nikatuma. Ujumbe uliporudi, nililitupia jicho jina la mpokeaji. Jina la pili lilikuwa lile lile la fundi, moja kati ya majina yaliyojaa Embu. Nikatosheka, nikatia simu mfukoni, nikaelekea soko la Gakoromone kununua viazi.

Baada ya dakika kumi hivi simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume nisiyemjua. "Habari yako. Naona pesa zako zimeingia kwangu, na mimi simdai mtu." Nikatoa kile kikaratasi, nikalinganisha namba mbili. Tarakimu ya mwisho ilikuwa 4, nami nilikuwa nimebonyeza 7. Nikaanza kuomba radhi, lakini akauliza, "Samahani, jina hili lililoandikwa hapa... wewe si ndiye mwalimu wa hesabu aliyetufundisha Kidato cha Pili?" Akaitaja shule. Akautaja mwaka. Akautaja hata mti wa mukima uliokuwa nje ya dirisha la darasa lao.

Nilisimama katikati ya soko, watu wakinipita na magunia mgongoni. Katika mamilioni ya simu zilizoko nchini, kosa langu la tarakimu moja lilikuwa limeanguka mikononi mwa mwanafunzi wangu.

Niliporudi nyumbani nilisimulia, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mke wangu alisema ni mkono wa Mungu. Jirani alisema siku kama hiyo si ya kupoteza, nikabeti mara moja. Mzee mmoja tunayesali naye aliniambia kwa sauti ya chini nimtafute kijana huyo, kwa kuwa huenda amebeba ujumbe wangu. Mimi nimefundisha hesabu kwa miaka 31, na swali likiniingia hunikosesha usingizi hadi nilipatie jibu. Nikachukua kalamu.

Kabla sijawaambia nilichokipata, niwapeleke kwanza darasani. Kila mwaka nilipopokea darasa jipya, niliwauliza wanafunzi wangu, "Humu ndani mko 50. Mnadhani wapo wawili kati yenu waliozaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja?" Walikataa karibu wote. Mwaka una siku 365, walisema, na sisi ni 50 tu. Tarehe zinatutosha na kusaza. Basi tulizisoma tarehe moja baada ya nyingine, na mara nyingi hatukufika mwisho wa orodha kabla ya mtu kupiga kelele, "Hata mimi!"

Hesabu yake ni hii. Ukiyachukua madarasa 100 yenye wanafunzi 50 kila moja, karibu 97 yatakuwa na angalau jozi moja ya waliozaliwa tarehe moja. Hata 50 ni wengi mno. Wakiwa 23 peke yake, uwezekano umeshapita nusu. Chukua matatu ya abiria 14 iliyojaa, ongeza dereva na makanga, wawe 16. Katika kila matatu nne za namna hiyo zinazopita Runyenjes, tarajia moja iwe na watu wawili wa tarehe moja ya kuzaliwa. Watashuka Chuka au Nkubu bila kujua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Kwa nini akili zetu hukataa jambo hili? Kwa sababu kila mwanafunzi alikuwa akijifikiria yeye. Alijiuliza, "Ni nani humu aliyezaliwa siku yangu?" Kwa swali hilo ana wenzake 49 tu wa kulinganisha nao. Lakini mimi sikuuliza juu yake. Niliuliza juu ya yeyote na yeyote. Kama kila mmoja darasani angempa mkono kila mwenzake, mikono ingepeanwa mara 1,225. Zote hizo ni nafasi za tarehe kulingana, na sisi tulikuwa tumeziona 49.

Sasa rudini nami Gakoromone. Nilipopigwa na butwaa, nilikuwa nikiuliza swali la yule mwanafunzi aliyejifikiria mwenyewe darasani: ni vipi kosa langu limfikie huyu hasa? Lakini semeni kweli. Kama aliyepiga simu angekuwa mwalimu niliyewahi kufanya kazi naye, si ningeshangaa vilevile? Angekuwa mzazi wa mwanafunzi? Angekuwa shemeji, au mtu wa kanisa letu, au mtoto wa jirani aliyehamia Mombasa? Nikaanza kuwahesabu. Kwa miaka 31, wanafunzi wapya 130 hivi kila mwaka, hao ni kama 4,000. Wazazi wao ni mara mbili. Ongeza walimu, wakwe, waumini, marika. Nilifika 15,000 bila kujitahidi. Wanaotumia M-Pesa nchini ni zaidi ya milioni 30. Basi uwezekano wa kosa langu kumwangukia mtu wa kunishangaza ulikuwa kama mmoja kwa 2,000.

Moja kwa 2,000 si jambo la kila siku. Lakini siko peke yangu ninayekosea. Makosa ya namba ni mengi kiasi cha kuwekwa namba maalumu, 456, ya kuomba pesa zirudishwe. Wakenya wangapi wamekosea leo tangu asubuhi? Katika hao, wapo walioangukia kwa binamu, kwa mpangaji mwenzao, kwa mtu waliyesoma naye. Hao ndio wanaosimulia usiku huu. Wengine wamepambana kurudisha pesa zao, wakanyamaza.

Hata mimi nimewahi kukosea namba mara nyingine mbili. Mmoja alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumjua wala yeye kunijua, na wa pili hakupokea simu kabisa. Hamjawahi kunisikia nikivisimulia visa hivyo, kwa kuwa havina cha kusimuliwa. Ndivyo kumbukumbu zetu zinavyofanya kazi. Zimefanana na ungo: unapopepeta, makapi hupeperuka, zikabaki punje. Ndoto iliyotimia tunaitunza miaka 20. Ndoto elfu ambazo hazikutimia zimetutoka kabla hatujapiga mswaki.

Niwape kipimo kingine, cha huku kwetu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 katika kaunti ya Embu. Jumla ni zaidi ya milioni mbili. Chukua jambo adimu kabisa, ambalo kwa siku moja humpata mtu mmoja kati ya milioni. Kesho, kati ya Maua na Kiritiri, litawapata watu wawili. Kufikia mwisho wa mwaka litakuwa limewapata zaidi ya 700. Kila mmoja wao ataapa kwamba haijawahi kutokea, na kila mmoja atakuwa anasema kweli kwa upande wake. Mambo adimu yapo mengi, ndugu zangu. Ni kwamba kila moja humjia mtu wake.

Hapo ndipo penye mtego kwa vijana wetu. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alibashiri mechi zote 17 za jackpot akashinda shilingi milioni 221. Waliosikia walisema, "Kumbe inawezekana." Inawezekana, ndiyo. Lakini mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo ya aina tatu, zinaweza kwisha kwa njia zaidi ya milioni 129. Watu wengi wakicheza kila wiki, si ajabu siku moja mshindi akapatikana. Ajabu ingekuwa ni wewe. Kijana wa boda boda anayeweka mapato ya siku akingoja bahati imjie amelichanganya swali la "yeyote" na swali la "mimi", na kosa hilo analilipia kila wiki.

Lakini msidhani nimekuja kuwaambia kwamba kila kitu ni bahati nasibu. Sijamaliza kisa changu.

Wiki moja baadaye nilimpigia yule mwanafunzi kumshukuru. Katika maongezi nikamuuliza, kwa udadisi tu, laini yake aliinunua wapi. "Runyenjes," akasema, "karibu na stendi." Nikampigia fundi, nikamuuliza swali lile lile. Runyenjes, karibu na stendi. Duka moja! Laini za simu humfikia mwenye duka zikiwa kwenye boksi, namba zikifuatana. Aliyenunua yenye 4 mwishoni na aliyenunua yenye 7 huenda walikuwa siku moja kwenye foleni moja. Kumbe kosa langu la tarakimu ya mwisho halikuzunguka Kenya nzima. Lilikuwa limevuka foleni tu. Na nikikosea ndani ya Runyenjes, ambako nimefundisha miaka mingi, kumpata mwanafunzi wangu ni jambo la kawaida sana.

Hata lile jina lililonidanganya lina sababu yake. Huku kwetu mtoto hurithi jina la babu au nyanya, naye mjukuu wake atalirithi tena. Majina yetu yanazunguka ndani ya ukoo kama maji kwenye mfereji. Simama stendi ya Embu uite Njeru, au Nyaga, au Ireri, uone vichwa vingapi vitageuka. Wala si sadfa unapokuta kwenye baraza wazee watano ambao vitambulisho vyao vyote vinasema walizaliwa tarehe 1 Januari. Hawakuzaliwa usiku mmoja. Hakuna aliyeandika siku zao, na karani alipohitaji tarehe akaandika ya kwanza.

Waswahili walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Nimeifikiria sana methali hii. Mlima Kenya na milima ya Nyambene haitakutana kamwe. Lakini binadamu wa Meru na Embu tunatumia barabara moja kuu, tunashuka stendi zile zile, tunauguza wagonjwa wetu katika hospitali zile zile chache, watoto wetu wanaitwa shule zile zile. Tunakutana kwa sababu njia zetu ni chache. Tukikutana tunasema dunia ni ndogo, na kumbe kilicho kidogo ni mji wetu.

Ndiyo maana nasema sadfa wakati mwingine ni mlango, na ni vyema kuusukuma uone kilicho nyuma. Mwaka 2019 nchi hii ilisikia habari za wasichana wawili wa Kakamega, wenye umri wa karibu miaka 20, waliolelewa katika familia mbili tofauti. Walikutana kupitia Facebook, na walifanana mno. Mtu angeweza kusema wawili wawili duniani, akaenda zake. Familia zao hazikuridhika na hilo. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni pacha wa kufanana, na kumbe aliyelelewa kama pacha wa mmoja wao hakuwa ndugu yake wa damu. Kufanana kule hakukuwa sadfa. Kulikuwa ushahidi.

Basi, wasikilizaji, kazi yetu ni kupambanua. Kuna jambo lililotokea kwa sababu nafasi za kutokea zilikuwa nyingi, na kuna jambo lililotokea kwa sababu lina chanzo kilichojificha. Tukichanganya haya mawili, watu hufa. Sisemi hivi kwa kutia chumvi.

Tuanze na kosa la kuona mkono wa mtu pale ambapo hakuna. Katika vijiji vyetu, mazishi mawili yakifuatana katika boma moja, kuna atakayenong'ona. Mtoto akiugua wiki ile ile bibi mzee alipopita njiani, macho yatamgeukia bibi. Hakuna anayehesabu siku zote ambazo bibi huyo alipita na watoto wakaenda shule wazima. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa moto na watu waliodai kwamba ni wachawi. Wanne, kwa siku moja. Walikuwa mama na nyanya za watu.

Wala msiseme hilo ni la watu wasiosoma. Uingereza, mwanasheria Sally Clark alifiwa na watoto wake wawili wachanga, mmoja baada ya mwingine. Akashtakiwa kwa kuwaua. Mahakamani, daktari mashuhuri, Profesa Roy Meadow, alisema uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa ghafla kwa sababu za kimaumbile ni mmoja kwa milioni 73. Namba hiyo aliipata kwa kuchukua mmoja kwa 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe, kana kwamba vifo viwili vya nyumba moja havihusiani kwa lolote. Lakini watoto wale walikuwa na damu moja na walilala chini ya paa moja. Lililompata wa kwanza lingeweza kumpata wa pili. Tena katika nchi yenye mamilioni ya familia, msiba adimu lazima utabisha mlango wa mtu. Mwaka 1999 mama yule alifungwa maisha. Chama cha kitaifa cha wataalamu wa takwimu kilipinga hesabu ile hadharani mwaka 2001, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikamwachilia. Alifariki mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 42 tu. Mnong'ono wa kijijini na namba ya profesa vilikuwa na kosa moja: havikukubali kwamba msiba unaweza kurudi nyumba ile ile bila mtu kuupeleka.

Sasa tazameni kosa la upande wa pili, kusema ni bahati mbaya pale ambapo pana chanzo. Ukisafiri kati ya Embu na Meru utavuka daraja la Nithi. Mnalijua. Gari likianza kuteremka, mazungumzo hukatika. Wapo wanaofumba macho na kuomba. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto huo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Nimesikia wakisema pana mapepo, nimesikia wakisema damu iliyomwagika inaita damu nyingine. Na kwenye matanga nimesikia ile methali, ajali haina kinga.

Methali hiyo naiheshimu, lakini pale Nithi naikataa. Ajali ikitokea mahali mara moja, yaweza kuwa sadfa. Ikirudi mara ya pili, bado inawezekana. Ikirudi mwaka baada ya mwaka kwenye kona ile ile, acha kusema bahati, shuka uitazame barabara. Utaona mteremko mrefu unaochosha breki, na mwishoni kona kali inayoingia darajani. Hayo hayahitaji mganga wala kafara. Yanahitaji mhandisi, dereva anayetumia gia ya chini tangu juu, na wananchi wasiochoka kudai barabara itengenezwe. Kila tunaposema ni mapepo, tunampumzisha mtu anayepaswa kuwajibika.

Mnaweza kunijibu, "Mwalimu, umeyaondoa maajabu yote, umetuachia namba tupu." Sivyo. Mke wangu bado anasema siku ile ilikuwa ya Mungu, nami simpingi. Hesabu yangu inaeleza ni kwa nini simu ilimfikia mwanafunzi wangu. Haielezi alichokifanya ilipomfikia.

Alikuwa kijana mwenye watoto wawili, na baadaye niliambiwa kwamba mwezi ule hakuwa na kazi. Shilingi 3,500 zilimwingilia simuni bila jasho, kutoka kwa mtu ambaye hakujua zimeenda wapi. Aliponipigia alikuwa bado hana hakika mimi ni nani. Alisema kwanza pesa si zake, ndipo akauliza jina. Akazirudisha zote, na gharama ya kutuma akailipa yeye. Kukosea kwangu kulikuwa ajali. Namba kumwangukia yeye, sasa tunajua njia iliyopitia. Lakini kurudisha zile pesa hakukutokea tu. Aliamua.

Basi kesho, jambo la ajabu likikupata, lifurahie, umsimulie jirani. Kisha jiulize nafasi za kutokea zilikuwa ngapi, na ni mara ngapi halikutokea ukasahau. Jiulize pia kama pana foleni ya Runyenjes iliyojificha nyuma yake. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole kwa sababu ya mambo mawili yaliyofuatana, hesabu kwanza.

Nawatakia usiku mwema. Mlio njiani, mkifika Nithi, teremkeni polepole.